Uwandani au Mikadini

Jumatatu, 1 Juni

Mwalimu Patroba alituita leo wazazi wa gredi ya tisa. Tumekaa kwenye viti vya watoto, magoti yakigonga meza. Amesema mwisho wa mwezi huu kila mtoto awe amechagua sekondari ya kuanzia gredi ya kumi mwakani, na kwamba la kulifikiria hasa ni chaguo la kwanza, mengine ni akiba. Tulipotoka akaniita kando. Mtu wa bara huyu, Kiswahili chake kimenyooka kama rula, lakini mwanangu Sundus anamjua kuliko shangazi zake wanavyomjua. Akasema mtoto aende mkondo wa sayansi, tena mahali ambapo maabara inatumika, si pa kufungwa kufuli. Kwa wasichana wa huku akanitajia mbili: Uwandani, hapa hapa mjini Amu, ya kutwa, na Mikadini, kule Faza kwa boti, ya bweni.

"Nenda ukaone mwenyewe, mama Sundus. Usiulize watu. Kila mtu atakusifia alikosoma yeye."

Nimefika nyumbani nikauliza watu.

Jumanne, 2 Juni

Mvua tangu alfajiri. Unga haukuumuka vizuri, mahamri yametoka bapa kama ndala. Hamid wa duka ameyachukua hivyo hivyo, amesema leo watu watakula bila kutazama.

Alhamisi, 4 Juni

Mamangu, Bi Twahira, anasema Uwandani, na kwake yeye maneno yamekwisha. Nyumba ni yake. Taha ndiye aliyehamia kwetu tulipooana, kama wanavyohamia waume wote wa huku Langoni. Kwa hiyo Bi Twahira akisema jambo, hulisema kama anayezungumza na kuta zake. "Mtoto wa kike analala kwao. Faza akafanye nini, akavue?" Nikamwambia Faza kuna skuli, Mama. Akasema na Amu hakuna?

Zahra jirani anasema Uwandani pia. Kasoma huko.

Nilipomuuliza Sundus mwenyewe alikuwa akisukuma mahamri. Hakuinua uso. Akasema Uwandani, kwa sababu ni karibu, chakula ni cha nyumbani, na chuo chake cha Kurani cha jioni hakitakatika. Alizipanga sababu zake vizuri kabisa, kama mtu aliyekwisha kujiuliza na kujijibu.

Ingenipasa nifurahi. Lakini mtoto huyu ndiye aliyekwenda na mimi hospitali mwaka jana mdogo wake Adnan alipokuwa na homa, yule mwanamke wa maabara akamruhusu achungulie kwenye hadubini, na kwa wiki nzima hatukula bila kusimuliwa damu ya ndugu yake. Sasa tunachagua skuli na hajauliza hata mara moja ni ipi yenye hadubini.

Jumamosi, 6 Juni

Taha amerudi kutoka kazini Ras Kitau, ananuka dizeli ya jenereta la lodji. Nikamwambia habari yote. Akasema, "Mimi lolote utakaloamua." Nikamwambia silitaki hilo, nataka rai. Akasema atafikiri. Akalala, Adnan juu ya kifua chake, midomo wazi wote wawili.

Jumapili, 7 Juni

Mvua. Nguo hazikukauka.

Jumatano, 10 Juni

Nimekwenda Uwandani. Nilijipigia buibui safi, nikatia udi, kana kwamba ni mimi ninayeomba nafasi.

Naibu wa mwalimu mkuu ni Bi Nour, mtoto wa mtaa wa pili. Alinipokea mlangoni, akaniuliza miguu ya mamangu, akaniuliza meno ya Adnan, ndipo tukaanza kutembea. Skuli inapendeza. Kuta zimepakwa rangi, maktaba ina vitabu vya kuazima, na wasichana wanacheka, jambo ambalo mimi hulitazama sana, maana mahali pasipochekwa hapana raha. Madarasa yamejaa mno. Nimeona watoto watatu kwenye dawati la wawili, yule wa pembeni anaandika huku mguu mmoja uko nje kumzuia asianguke.

Maabara akanifungulia kwa ufunguo. Pasafi, hadubini zimefunikwa, vioo vinang'aa. Nikauliza zinatumika lini. Bi Nour hakuzunguka.

"Sitakudanganya. Mwalimu wa bayolojia tunagawana na skuli nyingine, huja siku mbili kwa wiki. Nimeomba wa kwetu, bado. Lakini mwanao hapa nitamjua kwa jina lake, na la mamake, na la bibi yake. Asipoonekana asubuhi, alasiri niko barazani kwenu nauliza."

Na ni kweli, namjua, atakuja. Tuliposimama getini akasema jambo jingine, kwa sauti ya chini kidogo. Akasema wasichana wake hawashindwi na masomo. Wanashindwa na arusi, na wagonjwa, na wageni. Nikamwitikia kwa kichwa, nikaaga, nikawahi kuloweka choroko.

Nimerudi nimeridhika. Nikamwambia Mama pengine amesema kweli. Akasema, "Pengine?"

Ijumaa, 12 Juni

Jino la Adnan. Sote hatukulala.

Ijumaa, 19 Juni

Mwaka mpya wa Kiislamu umeingia. Mama amewapigia simu jamaa wote hadi salio likaisha. Taha anasema amefikiri, na rai yake ni kwamba niende Faza nikaone, maana nikichagua nusu nitajuta nusu. Nimeshangaa: rai yenyewe ni nzuri. Bahati njema maji ya wiki ijayo yanajaa kati ya asubuhi na adhuhuri, boti zitapita bila shida.

Jumatano, 24 Juni

Naandika leo ya siku mbili.

Jumatatu niliamka mapema, nikapika, nikampelekea Hamid bidhaa yake, nikamwacha Adnan na Mama, nikamwambia Sundus aende skuli asichelewe. Boti ilijaa magunia na walimu. Nahodha alitutangazia kabisa kabla hatujaondoka: akishaswali adhuhuri anang'oa nanga, hamsubiri mtu, kwa sababu mlango wa bahari wa Mkanda hupitika maji yakiwa yamejaa tu, na yakishatoka boti hukaa juu ya tope mpaka yarudi. Nikamsikia. Ningesema sikusikia ningekuwa mwongo.

Mikadini ilinipokea kama mgeni wa arusi. Mwalimu mkuu, mtu wa bara mpole mwenye tai, akanipa kiti cha mkono. Chai, biskuti. Akanionyesha bweni, vitanda vimetandikwa hadi vinatisha. Akanionyesha mfereji na maji yakatoka. Akanionyesha maabara kwa mlangoni tu, kwa sababu kulikuwa na darasa ndani. Nikaona migongo ya wasichana basi. Nikashukuru. Ilikuwa bado mapema, nikasema nipite kumsalimu Bi Barka, shangazi yake Taha, nyumba yake imepakana na ukuta wa skuli. Kufika Faza na kutomsalimu Bi Barka ni kutafuta maneno ya mwaka mzima.

Nilikusudia nisimame mlangoni. Bi Barka akaniketisha. Nikamwambia boti inaondoka. Akasema boti haiwezi kuondoka na mtu hajala. Nikanywa uji. Nikasema sasa Bi, niende. Akasema samaki yuko jikoni anageuzwa upande wa pili tu. Muwa nao ukakatwa. Nikasikia adhana, nikasimama na buibui langu. Akanitazama kwa huzuni kubwa, akasema, "Mke wa Taha anaondoka kwangu tumbo tupu, niwaambieje watu?" Nikakaa. Wali wa nazi ulikuwa mtamu, siwezi kusema uongo. Nilipofika gatini maji yanateremka na boti naiona ndogo kama punje.

Bi Barka hakujuta hata kidogo. Alishatandika kitanda.

Nikapiga simu nyumbani. Sundus akaniambia usijali Mama, kila kitu kiko sawa.

Jumanne baada ya sala ya alfajiri nilitoka uani kujinyoosha, na kwa kuwa ukuta ni mfupi nikaona skuli ileile bila tai yake. Mifereji ilikuwa mikavu. Wasichana wamepanga ndoo kwenye tangi, kanga mabegani, wanaitana majina na kutaniana, mmoja anamwambia mwenzake ndoo yake inanenepa zaidi yake mwenyewe. Kwenye ngazi ya bweni mtoto mmoja alikuwa analia, wa mwaka huu bila shaka, na matroni amekaa nyuma yake anamsuka nywele taratibu, hamwambii anyamaze. Nikasimama hapo mpaka nywele zikaisha na mtoto akanyanyuka akaenda kuchukua ndoo yake.

Baadaye nikaingia tena getini, safari hii peke yangu. Mlinzi akanijua, akaniacha. Mlango wa maabara ulikuwa wazi. Mwalimu Chelangat, msichana wa bara hata hajafika umri wangu, alikuwa na samaki changu juu ya ubao, amempasua, na wasichana wamemzunguka wanasukumana waone matamvua. Akaniona. Nikadhani atanifukuza. Akasema karibu mama, ukaribie, asiyeona vizuri ni wewe. Wasichana wakanipisha. Nimepika changu maisha yangu yote na sijapata kujua kwamba ana vitu vile vyote ndani.

Mmoja akauliza swali ambalo hata mimi niliona ni la kipuuzi: samaki hulala vipi na hana kope? Hakuna aliyecheka. Chelangat akasema hajui yote ya hapo, leo hii watatafuta. Kwenye meza hadubini ziko wazi, vioo vimejaa alama za vidole.

Nikamuuliza msichana mmoja wa Amu, niliyemjua kwa sura ya mamake, hapa kukoje. Akasema maharage kila siku, maji yana chumvi, na wiki mbili za kwanza mtu hulia. Akafikiri. "Lakini hapa mtu hakuiti ukaoshe vyombo ukiwa unasoma, Bi."

Nikarudi kwa boti ya jana. Nahodha aliponiona akaniuliza wali ulikuwa wa nazi?

Nilipoingia nyumbani kila kitu kilikuwa sawa kama alivyosema. Sakafu imepigwa deki, Adnan ameogeshwa, mahamri yalikwenda kwa Hamid alfajiri, yameumuka kuliko yangu. Mama ameketi kitandani kama malkia. "Ana mikono huyu," akasema. "Kesho ukifa nyumba haitetereki." Nikacheka.

Kisha nikafungua simu nikakuta ujumbe wa Mwalimu Patroba. Anauliza Sundus anaumwa nini, maana hajaonekana jana wala leo.

Alhamisi, 25 Juni

Jana niliiacha ipite, nisiseme kwa hasira. Leo alipotoka skuli nikampeleka darini, kwenye kamba za nguo, ambako Mama hana nguvu ya kupanda. Nikamuuliza kwa nini hakwenda skuli siku mbili.

Akasema Adnan alikuwa analia, miguu ya Bibi ilivimba, na mahamri. "Nani angefanya, Mama?"

Hakusema kwa jeuri. Ndilo lililoniuma. Alisema kama unavyosema kwamba leo kuna upepo. Hakuna aliyemwambia abaki. Hakuna haja ya kumwambia tena, ameshakuwa mtu wa kubaki. Na hapo ndipo nilipoelewa maneno ya Bi Nour getini. Uwandani haina kasoro ya kuniogopesha. Nour atakuja barazani kumuuliza, na mamangu atamkaribisha kahawa, na atamweleza kwa heshima zote kwamba mtoto leo ana kazi kidogo. Kasoro ya Uwandani ni kuwa iko karibu na jiko langu.

Nikamwambia, "Sitaki sababu ulizonipangia siku ile. Ungekuwa mtoto wa mtu mwingine, huna ndugu mdogo, huna bibi, ungechagua ipi?"

Akaikunja kona ya shuka. Akauliza, "Hadubini uliziona?"

"Nimeziona. Zina alama za vidole."

Akaanza kulia. Akasema Mikadini, anaitaka tangu Mwalimu Patroba alipoitaja, lakini akiondoka mimi nitachoka.

"Nimeshachoka," nikamwambia. "Nilichoka kabla hujajua kusoma. Ukichoka na wewe ndiyo mimi nitapumzika? Mimi ni mamako, Sundus. Kunihurumia, nihurumie. Kunibeba, hapana."

Nikamweleza na mabaya yote. Ndoo, chumvi, maharage, yule mtoto wa ngazini. Sikumficha. Akasikiliza akipangusa pua kwa shuka niliyoifua asubuhi. Kisha nikamwambia kuanzia kesho hagusi sufuria, hasukumi unga, hambebi Adnan, mpaka siku ya kuchagua. Nataka nione nyumba inasimamaje bila yeye, na yeye aone pia.

Ijumaa, 26 Juni

Haisimami.

Jumamosi, 27 Juni

Viazi vya karai vimeungua. Nimemwambia Hamid kuanzia leo ni mahamri tu, viazi nimeacha. Akasema wateja watamuuliza. Nikamwambia awaambie mama Sundus ana mikono miwili. Akacheka, akasema hilo hata yeye hakuwa akilijua.

Taha yuko nyumbani. Alfajiri nimemwamsha, nikamwekea unga mbele yake. Mahamri yake kila moja lina pembe zake. Kuna moja nimeliona kama ramani ya kisiwa cha Manda. Sundus amekaa chumbani na kitabu, nikipita namwona anasikiliza kila sufuria inayoanguka.

Jumapili, 28 Juni

Mama ameosha vyombo. Alipiga kelele tangu sahani ya kwanza mpaka ya mwisho: amezaa, amelea, ameozesha, na sasa anaosha masufuria kwa sababu mtoto ameambiwa asome samaki. Lakini ameviosha, na kwa miguu ile. Nikamletea kiti, akakikataa, kisha akakikalia.

Jumatatu, 29 Juni

Leo nilimwambia Mama wazi kwamba kesho tutachagua Mikadini. Nilijitayarisha kwa vita. Hakupigana. Aliukunja mdomo, akatazama kitanda cha Sundus kilicho mkabala na chake, akasema polepole, kwa Kiamu cha utotoni mwake, kana kwamba safari ni ya leo hii, "Na mimi yeo nilale na nani?"

Miaka yote hii nilidhani anamtaka Sundus kwa ajili ya kazi. Tangu baba afe hajalala chumbani peke yake hata siku moja, na mimi sikuwahi kulitazama hilo, kwa kuwa mtoto alikuwa ameziba pengo. Nikakaa kando yake. Mwanangu si wa kubaki awe taa ya chumbani. Lakini na huyu ni mamangu.

Nikasema mimi nitahamia kwake zile siku Taha yuko Ras Kitau, yaani karibu siku zote. Akanikagua juu mpaka chini. "Wewe unakoroma," akasema. "Niletee yule mwizi wa wali. Akilala kwangu, na wewe utapata usingizi."

Usiku wa leo Adnan ameanza kulala kwa bibi yake, wazoeane mapema. Nawasikia wanazungumza, kila mmoja na lugha yake.

Jumanne, 30 Juni

Tumechagua. Mwalimu Patroba alifungua kompyuta ya ofisini, Sundus akabonyeza mwenyewe: mkondo wa sayansi, Mikadini ya kwanza, Uwandani ya pili. Mwalimu akatukumbusha kwamba kuchagua si kupata, majina hutoka mwisho wa mwaka, lakini kwa alama zake haoni wa kumzuia. Nikamwambia hata akirudishwa Uwandani nitashukuru, maana sasa najua kitu gani cha kumlindia.

Nilipita kwa Bi Nour kumwambia, asije akasikia kwa watu. Uso ulimshuka kidogo, sikukosa kuona. Kisha akanishika mkono, akasema wakinipa mwalimu wangu wa bayolojia nitakuja kukuchukulia yule mdogo. Nikamwambia yule ni mvulana, Bi. Akasema ah, basi potelea mbali.

Jumamosi, 4 Julai

Mvua imepungua, upepo umebaki. Nguo zimekauka kwa mara ya kwanza tangu sijui lini.

Siku za marufuku zimekwisha, nikamwambia Sundus sasa anaweza kusaidia akimaliza kusoma, si kabla. Asubuhi Adnan aliamka akaanza kumwita kutoka chumbani kwa bibi, "Sundu! Sundu!", sauti ya mtu anayedai haki yake. Sundus akainuka. Akafika mlangoni, akanitazama, na mimi nina unga mpaka viwikoni.

Nikamwambia kaa.

Akasimama kidogo. Kisha akarudi, akaketi, akafunua ukurasa.

Nikaenda mimi na unga wangu. Adnan alinitazama kama amepewa bidhaa siyo, akageukia ukuta, akaita tena jina lile lile. Sikumbembeleza sana. Nilikaa naye tu, mkono mgongoni, mpaka akachoka na hasira, akanipandia mapajani na kunipaka makamasi. Mama akatucheka kutoka kitandani.

Mahamri yamechelewa. Hamid amesubiri.